Makumbusho ya Akiolojia ya Carmo, Lisbon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila mgeni anayefika Lisbon kutoka kwetu huuliza mambo yaleyale kuhusu Carmo, lile gofu la kanisa lisilo na paa linaloonekana kileleni ukiwa bondeni mjini. Nimepeleka pale ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki, kutoka Dar, Mombasa, Unguja na Cabo Delgado, na maswali yao ndiyo haya. Yasome kabla hujapanda kilima, maana ukifika pale utataka kutazama, si kusoma.

## Mambo ya msingi

Carmo ni kitu gani hasa: kanisa, konventi au makumbusho?

Vyote vitatu, kila kimoja kwa zamu yake. Ujenzi ulianza mwaka 1389, likawa kanisa pamoja na konventi ya watawa wa shirika la Wakarmeli. Carmo ni Karmeli kwa Kireno. Tetemeko la ardhi la mwaka 1755 likaliangusha. Mwaka 1864 magofu ya kanisa yakafanywa makumbusho ya akiolojia, na yanaendeshwa mpaka leo na Chama cha Wanaakiolojia wa Ureno.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba makumbusho yako upande wa kanisa tu. Nyumba yenyewe walimokuwa wakilala na kula watawa imepakana nalo, na ni makao makuu ya Guarda Nacional Republicana, kikosi cha ulinzi cha taifa. Ukiona mlango wenye askari wa sare waliosimama wima kama nguzo, huo siyo wa makumbusho. Mlango wetu ni ule wa jirani, wenye matao ya mawe yaliyoingiana, tao ndani ya tao.

Mbona inaitwa konventi, na waliokaa humo walikuwa wanaume?

Kwetu ukitaja konventi mtu huwaza masista. Lakini katika Kanisa Katoliki neno hilo lilitumika pia kwa nyumba za mabradha wa mashirika ya ombaomba, yaani Wafransisko, Wadominiko, Waagustino na Wakarmeli, ambao walikaa katikati ya miji na kuishi kwa sadaka za watu. Wamonaki ni wengine: hao hukaa kwenye abasia yao, mara nyingi mbali na mji, wakilima na kusali. Anayezijua Peramiho au Ndanda ameshawaona. Carmo ilikuwa ya aina ya kwanza, na ndiyo sababu imejengwa juu kabisa ya mji, si porini.

Nani aliijenga, na kwa nini?

Nuno Álvares Pereira, amiri jeshi wa Ureno aliyeongoza vita vya Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385, ambako jeshi dogo la Wareno liliwashinda Wakastilia na kuiokoa nchi isimezwe. Carmo ilikuwa shukrani yake kwa Bikira Maria. Alichagua genge la kilima, mahali pabaya kwa ujenzi, na kazi ya msingi iliwasumbua sana mafundi.

Mwaka 1423 mtu huyu, aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi, aligawa mali zake akaingia mwenyewe katika konventi aliyoijenga, akawa bradha wa kawaida kwa jina la Nuno de Santa Maria. Alifia humo mwaka 1431. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Msomaji wa Afrika na akumbuke na jambo hili: Nuno huyohuyo alikuwamo katika msafara uliouteka mji wa Ceuta, kaskazini mwa Afrika, mwaka 1415. Safari zilizowafikisha Wareno Kilwa na Mombasa zilianzia katika mlango huo.

Iko wapi, na nafikaje?

Iko Largo do Carmo, mtaa wa Chiado. Shuka kituo cha metro cha Baixa-Chiado, utoke upande wa Chiado, kisha ni mwendo wa dakika chache. Kuna pia lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902, inayokupandisha kutoka mitaa ya bondeni hadi ubavuni mwa gofu. Foleni yake ni ndefu mno. Kama miguu inaruhusu, panda kwa miguu. Ukija wakati mijakaranda ya uwanjani imechanua, utapumzika chini yake bila kujali ulivyohema.

Hufunguliwa lini?

Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili hufungwa. Hili la Jumapili limewaangusha wengi, kwa kuwa makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu. Saa hubadilika kwa msimu: hufungua saa nne asubuhi, na hufunga saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi au saa moja usiku wakati wa joto. Ukisoma 10:00 mlangoni, hiyo ndiyo saa nne yetu. Nimeshampokea mgeni aliyefika saa kumi ya Kiswahili akidhani ndiyo kwanza wanafungua.

## Jengo lenyewe

Kwa nini halina paa? Wamekosa fedha?

Hili ndilo swali la kwanza kwa kila mtu, na jibu lake ndilo linaloifanya Carmo iwe Carmo.

Paa liliporomoka tarehe 1 Novemba 1755. Mwaka uliofuata kazi ya kujenga upya ikaanza, na ikaendelea kwa kusuasua kwa miongo kadhaa. Mwaka 1834 serikali ikayafuta mashirika ya watawa (tazama swali la mwisho la sehemu hii), na kazi ikasimama palepale ilipofikia: nguzo zimesimama, matao yamefungwa, paa bado. Baadaye mawazo yakabadilika. Watu wa karne ya 19 walivipenda vitu vilivyovunjika, wakaona gofu lina sauti ambayo jengo zima halina. Joaquim Possidónio da Silva, msanifu majengo aliyeanzisha makumbusho haya, aliyakuta magofu hivyo akayatia vitu vya kale ndani yake. Tangu hapo paa halijarudishwa, na ni kwa kukusudia.

Ukisimama katikati na kuinua uso, matao yanapita juu yako moja baada ya jingine, na kati yao ni mbingu tupu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa anachokiona. Ni mataruma ya jahazi linaloundwa, kabla fundi hajapigilia mbao, ila limepinduliwa. Rafiki yangu mmoja wa Pangani alikaa chini ya matao yale robo saa nzima bila kusema neno, kisha akauliza, “Na mkuku wake uko wapi?” Kwa maoni yangu wangeweka paa wangeharibu. Kifaa kikubwa kuliko vyote katika makumbusho haya ni lile kovu la tetemeko, na unalitazama kwa kuinua kichwa tu.

Tetemeko lile lilikuwaje?

Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa yamejaa na mishumaa imewashwa. Ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa. Wataalamu wa leo wanalikadiria tetemeko hilo kuwa na ukubwa wa kati ya 8.5 na 9. Waliosalimika walikimbilia kando ya mto Tejo ili wawe mbali na kuta, na huko wakafuatwa na mawimbi ya tsunami. Juu ya hayo, moto ukashika mji na kuwaka kwa siku tano au sita. Makadirio ya waliokufa Lisbon yanapishana, mengi yakiwa kati ya watu 30,000 na 50,000.

Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, alipeleka parokia zote za nchi orodha ya maswali: mtikisiko ulichukua muda gani, maji yalipanda kiasi gani, nyufa zilitokea wapi. Majibu yale yanahesabiwa miongoni mwa mianzo ya sayansi ya matetemeko. Mitaa iliyonyooka ya bondeni, utakayoiona ukiwa kwenye baraza nyuma ya Carmo, ndiyo mji uliojengwa upya baada ya hapo, nyumba zake zikiwa na fremu ya mbao iliyosukwa ndani ya kuta ili ziyumbe bila kuanguka.

Ninachokiona ni cha karne ya 14 kweli?

Si chote. Lango kuu, kuta za nje na sehemu ya madhabahu yenye vikanisa vidogo ubavuni ni za zamani, za mtindo wa Gothiki. Nguzo na matao ya katikati, yale yanayopigwa picha zaidi, ni ya ujenzi uliofuata tetemeko, ambapo mafundi waliiga mtindo wa kale kwa makusudi. Watu wengine husikitika wakiambiwa hivyo. Mimi huwaambia wasogelee ukuta na waguse palipo mpaka: jiwe la zamani limelika, kingo zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, na la baadaye bado lina makali.

Kwa nini konventi nyingi za Ureno zimegeuzwa makumbusho, kambi na ofisi?

Kwa sababu ya amri ya tarehe 30 Mei 1834. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, upande wa waliberali umeshinda, na waziri Joaquim António de Aguiar akayafuta mashirika yote ya watawa wa kiume na kutaifisha mali zao. Wananchi walimbandika jina la Mata-Frades, Muua Mabradha. Kwa ghafla serikali ikawa na mamia ya majengo makubwa yasiyo na watu. Bunge la Ureno linakaa katika iliyokuwa monasteri ya São Bento. Makumbusho ya Taifa ya Azulejo, vile vigae vya rangi, yako katika iliyokuwa konventi ya Madre de Deus, iliyoanzishwa mwaka 1509. Carmo ilipasuliwa: askari wakachukua vyumba, wanaakiolojia wakachukua kanisa.

## Vilivyomo ndani

Nitaona nini?

Katikati, chini ya mbingu, kuna mawe: makaburi, nembo za koo, maandishi ya Kirumi na ya Kiebrania, vipande vya majengo yaliyobomolewa sehemu mbalimbali za nchi. Kazi ya mwanzo ya makumbusho haya ilikuwa uokoaji. Baada ya amri ya 1834 makanisa na konventi zilikuwa zikigeuzwa ghala, zikibomolewa na kuuzwa jiwe kwa jiwe, na Possidónio da Silva na wenzake waliokota walichoweza. Kaburi la mfalme Fernando wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1383, lilitolewa konventi ya Wafransisko ya Santarém na kuletwa hapa. Usilipite haraka. Limechongwa pande zote, na kila upande una watu wake.

Ndani ya vyumba vilivyoezekwa, palipokuwa madhabahuni, ndipo pa vitu vidogo. Ninavyovipenda zaidi ni vya Vila Nova de São Pedro, ngome ya kale karibu na Azambuja, ya zama watu wa huko walipoanza kutumia shaba, miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Tafuta vichwa vya mishale vya gumegume. Vingine havizidi ukucha wa kidole gumba, na kingo zake zimemenywa meno madogomadogo yaliyo sawa, kila jino pigo moja la mkono. Watu wengi huvipita wakikimbilia mumia. Inamia, weka uso karibu na kioo, uyahesabu meno ya upande mmoja tu. Kuna pia jeneza la jiwe la Kirumi lenye sura za Musa, wale miungu wa kike wa sanaa (siyo Nabii Musa, kama mgeni mmoja alivyodhani kwa haki kabisa), pamoja na vyungu vya Amerika ya kabla ya Columbus.

Ni kweli kuna maiti? Inafaa kuzitazama?

Ni kweli. Kuna mumia moja ya Misri, na mbili za Peru, za karne ya 16, zilizokaa zimekunja magoti kifuani ndani ya vioo. Ziko katika chumba cha maktaba ya zamani chenye makabati ya mbao. Neno mumia ni ndugu wa lile mumiani letu, lililokuwa likiwatisha watoto wa pwani wasitoke usiku, na naona hofu ile haiko mbali na ukweli: kuna wakati miili ya watu ilifanywa bidhaa.

Kama unaona vigumu, pita bila kuingia. Chumba kiko mwishoni na hutakosa mengine. Kwa upande wangu naona wale wawili wa Peru wamekaa vioo vya watu wengine kwa muda wa kutosha. Sisi tunalijua jambo hili. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na ukoo wake umeendelea kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Ukiingia, ingia kama unavyoingia msibani: sauti chini, na simu mfukoni.

Kuna kitu chochote cha Afrika Mashariki?

Usitarajie kabati la Kilwa au Mombasa. Lakini kuna dirisha moja la kutazama kwa makini, la mawe yaliyochongwa kama kamba na majani, la karne ya 16, lililotoka monasteri ya Jerónimos. Monasteri hiyo ilijengwa kwa kodi iliyotozwa biashara ya Afrika na Mashariki, kwa hiyo jasho la bandari zetu limo katika mawe yale.

Anayetaka kuiona Kilwa waziwazi aende Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, akaulizie Custódia de Belém. Ni chombo cha dhahabu cha kuonyeshea ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506, na kinahesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ndiyo hii. Maneno yamezungushwa kwenye kitako chake, na ukiyafuata polepole utafika kwenye jina la Kilwa. Nimemwona mzee wa Lindi akilisoma kwa kidole hewani, herufi baada ya herufi.

Lebo ziko kwa lugha gani?

Kireno na Kiingereza. Kiswahili hakuna. Hata hivyo masikio yako yatakamata maneno njiani, kwa kuwa meza, bendera na leso tulizipata kwao, na neno gereza wataalamu wengi hulirudisha kwenye igreja, yaani kanisa.

## Carmo na uhuru wa Msumbiji

Ni kweli utawala wa kikoloni uliangukia hapo nje?

Ni kweli, na inanishangaza kwamba wageni wetu wengi wanapita uwanja ule bila kujua.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita vya Afrika waliasi. Waziri mkuu Marcelo Caetano alikimbilia makao makuu ya Guarda, yaani ndani ya nyumba ya watawa wa Carmo. Kapteni Salgueiro Maia, kijana wa miaka 29 aliyetoka Santarém na magari ya deraya, akauzingira uwanja. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Mchana risasi zilipigwa kwenye ukuta wa mbele. Jioni Jenerali António de Spínola akaja, Caetano akamkabidhi madaraka, kisha akatolewa ndani ya gari la deraya.

Gari lile lilikuwa la aina iitwayo Chaimite. Hilo ni jina la mahali kusini mwa Msumbiji, ambako mfalme Ngungunyane wa Gaza alikamatwa na Wareno mwezi Desemba 1895 kabla ya kupelekwa Lisbon na kisha uhamishoni Azores. Jina walilolitukuza kama ushindi wao ndilo lililombeba mtawala wao wa mwisho akiondoka.

Kilichofuata tunakijua. Frelimo, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuwafunza wapiganaji wake Kongwa na Nachingwea, ilitia saini mkataba wa Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Huwa nawaambia wageni wa Mtwara wasimame pale uwanjani kwanza, hata kabla ya kukata tiketi.

Naweza kuingia ndani ya kambi?

Guarda wana makumbusho yao madogo upande wao, yanayohusu historia ya kikosi na siku ile ya Aprili. Tiketi ya Carmo haihusiani nayo.

## Maswali ya pembeni

Ramani yangu inanionyesha makumbusho mengine ya akiolojia Lisbon. Nimekosea?

Hapana, ni mawili. Museu Nacional de Arqueologia iko Belém, ndani ya bawa la monasteri ya Jerónimos, na ilianzishwa mwaka 1893 na José Leite de Vasconcelos. Ilifungwa mwaka 2022 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda. Carmo ni ndogo zaidi na ya zamani zaidi. Vilevile miji mingine ya Ureno, kama Porto, ina makanisa yaitwayo Carmo. Angalia jina la mji kabla ya kununua tiketi mtandaoni.

Mvua ikinyesha?

Utalowa, maana katikati ni wazi. Mawe huteleza, vaa viatu vyenye meno. Lakini baada ya mvua mawe hukolea rangi na maandishi yaliyofifia husomeka vizuri kuliko siku ya jua.

Nina mzazi asiyeweza ngazi.

Kutoka mlangoni unashuka ngazi kuingia ndani, na ardhi haiko sawa kila mahali. Wasiliana nao mapema. Ikishindikana, kutoka kwenye lango mzee ataiona sehemu kubwa ya katikati akiwa juu, na kwa kweli mandhari ya pale ni mazuri sana.

Naweza kusali mle, kwa kuwa lilikuwa kanisa?

Moyoni, hakuna wa kukuzuia, lakini ibada haziendeshwi. Kaburi la Nuno liliharibika katika tetemeko, na linaloonyeshwa ni mfano wake. Masalia yake yako kanisa la Santo Condestável, mtaa wa Campo de Ourique. Ukipanda tramu namba 28 hadi mwisho wa njia upande wa magharibi, utalikuta karibu.

Nina nusu saa tu. Nianzie wapi?

Dakika tano uwanjani, kwa sababu iliyoelezwa kwenye sehemu ya Msumbiji. Kumi chini ya matao, ukiwa umekaa. Kumi kwenye vichwa vya mishale vya Vila Nova de São Pedro. Zilizobaki, rudi lile kaburi la mfalme Fernando na uchague upande mmoja tu wa kuutazama.